Kidole Gumba cha Papa Matata

Ukitaka kumkasirisha Papa Matata wa mtaa wa Mikelenge, mkatize anapozungumza. Yeye huzungumza kwa zamu. Akimaliza la kwake husema "à toi", yaani zamu yako, kisha hunyamaza kabisa na kukutazama mpaka nawe umalize. Ukichelewa atarudia, "À toi, à toi," kana kwamba uko ng'ambo ya msitu na si upande wa pili wa sinia la wali. Mke wake, Mama Geneviève, alikwisha kuzoea. Padri naye alizoea, ingawa siku za mwanzo kuungama kwa Matata kulikuwa na taabu kidogo.

Tabia hii ameitoa kwenye foni. Miaka ile ya vita vya Kongo, mji wao wa Kindu ulizungukwa pande zote. Treni ililala, barabara zikafungwa na watu wenye bunduki, na chumvi ikawa kitu cha kuonjeshana kwa ncha ya kidole. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Aliyetaka kujua kama dada yake wa Lubutu angali hai alikwenda kwenye foni, ile redio ya kuzungumzia mbali, katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja karibu na mto. Huko alimkuta Matata, kijana mwembamba wa miaka ishirini na sita, amekaa wima mbele ya mashine kama anayepigwa picha.

Foni ilikuwa na sheria yake. Ukitaka kusema, unabonyeza kibonye ubavuni mwa maikrofoni kwa kidole gumba cha kulia, na ukibonyeza husikii kitu. Ukitaka kusikia, unaachia. Matata alibonyeza na kuachia kuanzia asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa wiki, kwa miaka minne. Nyuma yake alikaa askari aliyewekwa pale kunasa siri za vita, ambaye kwa miezi minane hakunasa ila habari za mbuzi, mazishi na sabuni. Mwishowe askari yule akawa anatoa ushauri kuhusu mbuzi.

Mashine yenyewe ilikuwa nzima isipokuwa gurudumu dogo la kutafutia masafa. Lilikuwa limelegea kwa uzee, na lori la jeshi likipita nje, lilijizungusha lenyewe. Ulikuwa unaongea na Lubutu, mara unajikuta unampa pole mtu wa Punia ambaye hakufiwa. Fundi hakuwepo, spea haikuwepo. Matata alichonga kijiti cha kiberiti, akakipachika chini ya gurudumu, nalo likatulia. Akatangaza kuwa jimbo zima la Maniema hakuna ujumbe uliopotea mikononi mwake. Hilo halikuwa kweli, lakini alilisema vizuri.

Foni ya Lubutu ilikuwa ya mzee Édouard, mnunuzi wa mpunga, na aliyeishika alikuwa binti yake, Geneviève. Matata hakuwahi kumwona. Alichokijua ni namna alivyosema "à toi", kwa haraka na ukali kidogo, kama mtu anayefunika sufuria. Alianza kuisubiri sauti hiyo. Akaongeza salamu baada ya kila ujumbe, halafu salamu zikawa ndefu kuliko ujumbe. Bahati mbaya kwenye foni hakuna faragha: kila mwenye mashine njia nzima alisikia uchumba ule. Siku Matata aliposahau kumuuliza Geneviève kama amepona malaria, mwendeshaji wa Lokandu aliingilia katikati kumkemea.

Mwaka 2001 alimposa rasmi. Alivaa shati la Jumapili, ingawa hakuna atakayeliona, akaomba mzee Édouard aitwe kwenye mashine. Askari wa siri za vita alisimama kwa heshima. Matata akabonyeza, akasema, "Papa, ninaomba mutoto yako Geneviève, anikuwe bibi. À toi." Akaachia. Akasikia mzee akikohoa na kuvuta pumzi, na hapo hapo sauti ikapotea. Ulikuja mngurumo mtupu, na mbali sana mtu akilalamika juu ya mapipa ya mafuta ya mawese. Baada ya muda ambao Matata aliuona sawa na kwaresima nzima, sauti ikarudi, nayo ilikuwa ya Geneviève: "À toi."

Alikuwa hajasikia jibu. Kurudia swali, huku Punia, Lokandu na askari wakisikiliza, kungemfanya kichekesho mpaka vita viishe. Akabonyeza, akasema, "Aksanti sana, Papa. Nitakuja." Alipotazama mashine, kijiti cha kiberiti kilikuwa bado mahali pake, kimebana barabara. Alishangaa kidogo, kisha akaliapiza gurudumu hilo, na ameendelea kuliapiza miaka yote.

Alikwenda kwa baiskeli, siku kumi na nne, akiwa na vitenge viwili, chumvi, na mbuzi aliyempata njiani na kumpakia nyuma. Kwenye kila kizuizi alieleza kwamba anakwenda kuoa, na kwenye kila kizuizi walicheka wakampitisha, isipokuwa kimoja walipotaka kwanza kumsikia mbuzi akithibitisha. Lubutu walimpokea vizuri. Mzee Édouard alimtazama muda mrefu bila kusema neno, jambo ambalo Matata alilichukua kuwa ndiyo tabia ya wanunuzi wa mpunga.

Sasa ni mwaka 2024. Foni zimekufa, Matata ana mvi, na kwenye baraza la nyumba yake ameweka meza ya kuwaandikia watu barua, fomu na mialiko. Chombo chake ni kompyuta ya mapajani iliyokuwa imekwisha kuzeekea kwa mtu mwingine. Ina matundu mawili ya kuchomekea vitu, moja limekufa na la pili ndilo linaloshika kidude cha intaneti, kwa hiyo hakuna nafasi ya kipanya. Mshale anauendesha kwa kidole, kwenye kile kibao laini kilicho chini ya vibonye vya herufi, ambacho Kindu wanakiita pavé.

Tangu mvua zilipoanza, pavé iliingiwa na wazimu. Matata akimwandikia mtu barua na kumsomea kwa sauti alichoandika, mshale huondoka wenyewe, huruka juu kulia, penye kile kimsalaba cha kufungia, na hujibonyeza bila kuombwa. Barua inatoweka. Mteja mmoja, mchungaji wa kanisa la karibu, aliweka mkono juu ya mashine akaomba kwa nusu saa, na nusu saa nzima mshale ulitulia kama mtoto aliyebatizwa leo. Mchungaji aliposema amina na Matata kufungua mdomo kumshukuru, mshale ukaruka. Mchungaji aliondoka bila barua yake.

Matata angeendelea kuvumilia, lakini binti yake wa pekee, Bénie, anayefanya kazi Kinshasa, alipata mchumba. Kijana aliitwa Bienfait, na msemaji wa ukoo wake alikuwa baba mkubwa, Papa Mwamba, aliyeishi Lubumbashi miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kamili. Ndege ya kwenda Kinshasa haikuwezekana. Wakakubaliana kwamba Jumapili mchana watu wa Bienfait wakae sebuleni kwao, watu wa Bénie wakae barazani Mikelenge, waonane kwenye kioo cha kompyuta, na Papa Mwamba aulize lile swali. Watu waliuliza kwa nini wasitumie simu. Simu pekee ya nyumba ile yenye kamera ilikuwa ya Mama Geneviève, nayo iliwahi kuanguka kwenye sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na tangu hapo ilionyesha ukijani mtupu. Na hata ingekuwa nzima, Matata alikwisha kutangaza kwamba ndoa ya mtoto wake itapita kwenye mashine yake.

Jumapili, basi, Papa Mwamba alisafisha koo, akauliza kama Baba Matata anawapa mtoto. Matata alijisogeza mbele, akafungua mdomo, mshale ukaruka juu kulia, na kioo kikafungwa. Wakapiga tena. Papa Mwamba, sauti imekauka kidogo, akauliza mara ya pili. Matata akafungua mdomo, na kioo kikafungwa. Halafu mtandao ukapotea, na mvua ikashuka.

Jioni Bénie alipiga simu. Kwa kina Mwamba, alieleza, baba huulizwa mara tatu, na baba wa heshima asiyetaka kukubali hasemi hapana, hunyamaza. Matata amenyamaza mara mbili, tena kwa kuwafungia watu kumi na wawili waliovaa suti. Mara ya tatu ni Jumamosi saa sita mchana, uso kwa uso na si kwa maneno ya simu, na akinyamaza tena shauri limekwisha. Alikuwa analia.

"Papa, kama haupende, sema tu," alisema. "Usinifungie mulango mbele ya watu."

Matata alibaki na simu sikioni baada ya binti kukata. Iliuma, tena iliuma mahali penye jina lake. Mtu aliyeunganisha nusu ya Maniema wakati wa vita alikuwa ameshindwa kusema neno moja kwa mwanawe.

Jumatatu alimwita Mama Ange, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, mwanamke wa maneno machache anayevaa miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Aligeuza mashine, akaitikisa, akasema pavé mpya itatoka Goma, wiki tatu, ndege ikipenda. Kisha akamwambia Matata akae, afanye vilevile kama Jumapili. Matata akakaa wima. Akajisogeza. Alipotamka tu "Papa Mwamba, sisi huku", kidole chake gumba cha kulia kilishuka taratibu, kikatua kwenye ukingo wa kulia wa pavé, kikabonyeza kwa nguvu zote. Mshale ukaruka juu kulia. Alipomaliza kusema, kidole kikaachia.

Mama Ange alishusha miwani ya kichwani, akaiweka juu ya ile ya puani. Akamwomba aseme tena. Kidole kikashuka tena. Matata alikataa katakata. Mkono wake, alisema, ulikuwa hewani. Mama Geneviève, aliyekuwa anatwanga sombe pembeni, alisema hata kitandani hubonyeza godoro kabla ya kusema usiku mwema. Ubavu ule wa pavé ulikuwa umelegea kwa kubonyezwa miaka mitatu, na unyevu wa mvua ukamalizia kazi.

Wakajaribu kwanza kumrekebisha mtu. Geneviève alimfunga mkono kwa kitenge. Mshale ulitulia vizuri sana, lakini Matata naye akatulia. Bila kidole kubonyeza, maneno hayakutoka. Alifungua na kufunga mdomo kama samaki kwenye beseni. Wakamfungua kwa huruma.

"Pavé siweze kuitengeneza, Papa," alisema Mama Ange, "na wewe vilevile siweze kukutengeneza. Nitaambia pilote isisikie upande huu, njo hivyo tu."

Pilote, alieleza, ni programu inayokaa katikati ya pavé na kompyuta. Pavé haijui kitu. Inaguswa tu na kupiga kelele. Pilote ndiyo inayosikiliza kelele hizo na kuamua mshale uende wapi, na pilote inafundishika. Ndani yake mna namba nne zinazosema pavé inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukiidanganya kwamba pavé inaishia kabla ya ubavu mbovu, basi ubavu ule hata ukipigwa nyundo, haitajali. Matata alielewa mara moja. Kilikuwa kile kijiti cha kiberiti, sema hiki kimechongwa kwa namba.

Namba ya kwanza aliyoijaribu Mama Ange ilikuwa kubwa mno, na wazimu haukukatika. Ya pili ilikuwa ndogo mno, pavé yote ikawa kiziwi, na ikabidi kuzima na kuwasha. Ya tatu ilikata theluthi ya kulia, na hapo Matata alihutubia baraza zima dakika kumi, kidole kimekandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe, bila mshale kutikisika. Mama Ange akaiambia pilote pia isikubali kubonyeza kwa kugusa tu. Anayetaka kubonyeza atumie kibonye cha chini. Akaonya kwamba mashine ikizimika pilote itasahau kila kitu, na kwamba Jumamosi jioni atakuja kuiandikia faili la kuikumbusha, kwa kuwa wiki nzima atakuwa na kazi Alunguli, ng'ambo ya mto. Matata hakumwuliza maswali. Alifungua daftari lake, akanakili amri nzima na namba zake, akaandika saa na tarehe, kama alivyofanya kwa kila ujumbe wa foni.

Jumamosi saa tano na robo wajomba na shangazi walikuwa wamejaa barazani, wamepaka mafuta, wamenyooka. Saa tano na nusu betri ya sola ilikata. Kompyuta ilizimika, ikawashwa kwa betri ya jirani, na mshale ukaruka juu kulia kumsalimu kila mtu. Simu ya Mama Ange haikupatikana. Shangazi mmoja alianza kuuliza kuhusu yule mchungaji.

Matata alimpa Geneviève daftari na kuketi mbele ya mashine, na kwa mara ya kwanza tangu vita wale wawili walishika zamu pamoja. Geneviève alisoma herufi moja moja. Matata aliandika na kurudia alichosikia. Alipokosea, mkewe alisema, "Hapana, rudia," kwa sauti ile ile ya kufunika sufuria, na mara mbili mshale uliruka na kufunga kila kitu wakaanza upya. Ilikuwa imebaki dakika mbili alipobonyeza kwa mara ya mwisho, kisha akaweka kidole gumba kwenye ubavu mbovu na kusema, "Kindu hapa, Kindu hapa." Mshale haukutikisika.

Saa sita kamili sebule ya Kinshasa ikatokea, suti zote kumi na mbili, na Bénie amekaa pembeni bila kuinua macho. Papa Mwamba alikumbusha kwamba ameuliza mara mbili na amefungiwa mara mbili. Akauliza ya tatu: Baba Matata anawapa Bénie?

Matata alijisogeza mbele. Kidole kikashuka, kikakandamiza. Watu wa barazani waliokijua walifumba macho.

"Ndiyo, Papa Mwamba," alisema. "Ninakupa mutoto yangu, na ninafurahi sana. Ile mara mbili sikukataa. Nilikuwa ninasema ndiyo, masini njo ilikatala kubeba." Kisha akaachia. "À toi."

Kinshasa hakuna aliyejua la kufanya na zamu aliyopewa. Halafu Bénie akaweka uso kwenye viganja na mabega yake yakaanza kucheka na kulia pamoja, na akina mama wa pande zote mbili wakapiga vigelegele mpaka spika ikapasuka sauti.

Papa Mwamba alisubiri kelele zipungue. Alikuwa amelegea sasa, amefungua kifungo cha koti, na akaona aweke utani kidogo. Akamgeukia Mama Geneviève: alitaka kujua kama kwao watu kupotea hewani wakati wa jibu ni kawaida ya nyumba, na kama naye aliombwa hivyo hivyo.

Geneviève alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Alimtazama mumewe, siyo kioo.

"Ile siku papa yangu alisema hapana," alisema. "Masini yako haikukuwa na kosa. Njo miye nilizungusha gurudumu ya foni ya kwetu Lubutu, ili usisikie."

Barazani watu walisogeza viti karibu. Mzee Édouard, aliendelea, alisema hapana mara mbili, tena ya pili kwa sauti kubwa, akiamini inafika Kindu. Yeye akarudisha gurudumu, akasema "à toi" haraka, na hapo wote wawili wakamsikia Matata akishukuru. Mzee aliuliza kama kijana yule ni kiziwi. Geneviève alimjibu kwamba masini inasumbua. Baada ya siku kumi na nne kiziwi akafika na mbuzi, amechanika suruali, akimwita Papa na kumshukuru tena kwa ukarimu wake, na mzee akakosa mahali pa kuanzia.

Matata alikuwa amekaa wima kama anayepigwa picha. Miaka ishirini na tatu alikuwa ameliapiza gurudumu lisilo na hatia. Alikumbuka kijiti, kimebana barabara mahali pake. Watu wa Kindu na watu wa Kinshasa walikuwa wanamngoja, na kidole gumba kilikuwa kimeshuka kwenye ubavu usiosikia, kinabonyeza, kinabonyeza, na maneno hayaji.

Mwishowe yakaja yale yale ya mwaka ule.

"Aksanti sana," alimwambia mkewe. Akaachia kidole. "À toi."